Vigae vya Bibi Namsifu

Sisi tuliokua kabla ndoo za plastiki hazijapanda milima ya Upare tunajuana. Ukitaka kututambua, tuwekee bilauri mbili, moja ya maji ya friji na moja ya maji ya mtungini, utufumbe macho tuonje. Hakuna atakayekosea. Maji ya mtungini yana harufu ya mvua ya kwanza, na ubaridi wake ni wa adabu, hauumi meno. Binti yangu Nuru, miaka kumi na minne, mzaliwa wa hapa hapa Walthamstow, London, anatembea na chupa ya chuma kubwa kama mtungi wa gesi na bado kutwa analalamika ana kiu. Nikimweleza habari za mtungi ananiangalia kwa huruma, vile ninavyowaangalia wazee ninaowahudumia kazini wakianza kusimulia vita.

Nimelelewa Usangi na bibi yangu mzaa mama, Bibi Namsifu. Mama alikuwa mwalimu Moshi, akanipeleka kwa mama yake nikiwa bado nanyonya kidole. Bibi alikuwa mfinyanzi. Nasema mfinyanzi, sisemi mwanamke aliyetengeneza vyungu kupitisha muda. Watu wa masoko ya kule chini tambarare walikuwa wanakigeuza chungu, wanapapasa chini ya mdomo wake, wakikuta kibonyeo kimoja cha kidole gumba wanasema hiki cha Namsifu, funga. Kuandika jina hakujua. Kile kibonyeo kilimtosha.

Jumamosi tulikwenda naye korongoni kuchimba udongo, mimi na binamu zangu, wasichana watupu. Wanaume hawakuruhusiwa kukanyaga pale, wala kusogea siku ya kuchoma. Babu yetu, mzee aliyetetemekewa na kijiji kizima, siku ya moto alibeba kigoda chake mwenyewe akaenda kukaa kwa jirani bila ubishi. Kabla jembe halijagusa chini, Bibi aliinama akauambia udongo kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, "Tumekuja tena. Tupe kidogo, hatutamwaga." Sisi tulibana vicheko mpaka mbavu zikauma. Ukicheka ulirudishwa nyumbani kuchambua maharage, na hakuna aliyetaka maharage wakati wenzake wanachezea udongo.

Nyumbani kazi ilikuwa kuutwanga ule udongo, kuokota vijiwe, kisha kuuchanganya na vigae. Vigae ni vipande vya vyungu vilivyovunjika. Bibi hakutupa hata kimoja, na wanaosema Wapare hatutupi kitu, leo nawakubalia. Vilisagwa juu ya jiwe mpaka vikawa unga, unga ukaingia kwenye udongo mpya. "Udongo mtupu hauna mifupa," alikuwa anasema. Halafu anausokota kama kamba nene, anauzungusha kamba juu ya kamba, chungu kinapanda mbele ya macho yako, anakiparaza kwa gunzi la muhindi, na mwisho kabisa anatoa kijiwe chake. Kijiwe cheusi cha mtoni, kinalingana na yai la kuku, aliachiwa na bibi yake. Anakisugua chungu kwa kile kijiwe mpaka unaona kivuli cha uso wako. Sisi kukigusa kile kijiwe? Thubutu!

Shuleni tulifika na udongo kwenye kucha, tukachapwa vidole kwa rula kila Jumatatu, na Jumamosi tulirudi tena. Jioni tulicheza rede mpaka tukaitwa mara tatu, ya nne inakuja na fimbo. Na harufu iliyotuita hasa ilikuwa ya makande, mahindi ya kukobolewa na maharage, yameiva taratibu toka asubuhi ndani ya chungu cha Bibi, yamemwagiwa maziwa na kitunguu. Nyie mnaopika makande kwenye presha kuka, Mungu anawaona.

Hapo ndipo huwa namgeukia Nuru nikaanza hotuba yangu. Nyie watoto wa leo hamjui kusubiri! Picha ikichelewa kufunguka sekunde tatu mnasema mtandao umekufa. Chakula kikizunguka dakika mbili kwenye maikrowevu mmeshasimama mbele yake mnahema. Sisi tulijua kusubiri! Nimeitoa hotuba hiyo jikoni, kwenye basi, hata mbele ya mwalimu wake. Sasa nitubu mbele yenu, maana kuna kipande cha hadithi nilikuwa nakiruka.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi aliniruhusu kufinyanga chungu changu cha kwanza, kidogo cha kuchemshia maziwa. Nilikipenda mpaka nikawa nakiamkia. Chungu kinakaushwa kivulini, siku nyingi, na kipimo cha Bibi kilikuwa shavu: unakiweka shavuni, kikiwa na ubaridi kina maji ndani bado. "Usiniambie kimekauka. Shavu lako ndilo liniambie," alikuwa anasema. Siku ya kuchoma ikafika, shavu langu likasema baridi. Bibi akasema mwezi ujao. Mwezi ujao! Binamu zangu vyao vinaingia, changu kibaki? Alipokwenda kuleta samadi kavu ya kuchomea nikakichomeka changu katikati ya vyake, nikakifunika kwa majani ya migomba, nikasimama pembeni na uso wa malaika.

Chungu chenye maji kikikutana na moto kinapasuka, na hakipasuki peke yake. Kilipiga kishindo, paa! Kisha vingine vikafuata. Moto ulipozimika, vyungu sita vya Bibi vilikuwa vipande, kazi ya mwezi mzima. Hakunichapa. Bora angenichapa. Aliviokota vile vigae akavitia kwenye ungo, akaniketisha mbele ya jiwe la kusagia. "Hivi havijafa," akasema. "Vinarudi. Saga." Nilisaga juma zima, machozi na vumbi vikashikana usoni. Na nilipouliza lini nitachoma changu tena, alijibu, "Ukijua kusubiri."

Hakupata kuniona nikichoma. Mwaka ule ule Mama alinichukua Moshi kusoma. Likizo zilikuwa fupi, kisha macho ya Bibi yakaanza kufa, kisha mimi chuo, kisha ndege. Nilipokwenda kumuaga, alinipa vitu viwili: chungu chake cha mwisho, alichokifinyanga akiwa haoni, kwa kupapasa tu, na kile kijiwe cheusi. Chungu nilikipakata kutoka Kilimanjaro mpaka London nimekifunga kwa kanga, mhudumu wa ndege akadhani nina kichanga. Kilinipikia makande miaka mingi. Bibi akafariki, chungu kikabaki. Halafu siku tunahamia nyumba hii tunayokaa sasa, niliking'ang'ania mimi mwenyewe, nikakitia mimi mwenyewe kwenye boksi, na kitako cha boksi kikafunguka kwenye ngazi. Sina wa kumlaumu. Nilikaa chini pale pale nikalia kama msiba umerudi upya.

Vigae vilikaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati miaka kumi na moja. Mume wangu, Baba Nuru, ana kishamba chake cha kukodi kwa halmashauri, karibu na reli, analima mchicha, maboga na maharage ya kutambaa. Siku moja akapendekeza, mwenyewe anaona ni wema, aviweke chini ya miche yake ya nyanya ili maji yapite vizuri. Loo! Wiki nzima alijipikia.

Sasa, mwaka huu, nimetoka zamu, miguu inawaka moto, napita maktaba kurudisha kitabu, naona tangazo ukutani. Picha ya mikono ya mwanamke mtu mzima inazungusha kamba ya udongo juu ya kamba ya udongo. Nilisimama pale mpaka mtu akaniomba nipishe. Tangazo lilisema mfinyanzi wa Wapueblo, wale wenyeji wa asili wa New Mexico kule Marekani, amekuja kumtembelea mpwa wake aliyeolewa hapa, na kwa Jumamosi saba atafundisha kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Nilijiandikisha mimi na Nuru. Nuru akauliza kwa Kiingereza amekosa nini.

Jina lake Rosa. Mimi nilimwita Mama Rosa toka siku ya kwanza, kwa sababu mtu wa umri ule siwezi kumtaja jina kavu kavu. Mfupi, nywele za mvi zimekatwa sawa juu ya macho, hereni za buluu, na aproni yenye maua. Wanafunzi wenzetu walitazama huku na huku, mmoja akauliza gurudumu la kufinyangia liko wapi. Mama Rosa akanyanyua mikono yake miwili akamwonyesha. Nikaanza kumpenda hapo hapo. Kisha akauinamia udongo, akatoa kifuko, akanyunyiza unga kidogo wa mahindi, akasema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Hatukutakiwa kuelewa. Lakini ile sauti niliijua, ilikuwa ya mtu anayebisha hodi. Nuru alinigusa kiwiko, akaninong'oneza kwa Kiingereza: huyu si Bibi yako huyu? Kumbe mtoto alikuwa anasikiliza miaka yote hiyo!

Unga wake ulipoisha nilimletea wa kwetu, sembe la ugali kutoka kabatini. Aliunusa, akacheka, akautia kwenye kifuko. Alikuwa anafundisha huku anatutajia wanawake: mama yake, mashangazi zake, bibi yake aliyechora mistari myembamba kama unywele kwa brashi ya jani lililotafunwa. Alisema vyungu vya bibi yake vingine viko kwenye makabati ya vioo ya nchi za watu, vimeandikwa jina la aliyevinunua, la aliyevifinyanga halipo. "Lakini mimi nikivipita navijua," alisema, "na yeye anajua nimepita." Nikamweleza habari ya kidole gumba. Akaitikia kwa kichwa polepole.

Jumamosi ya pili nilitoa kijiwe. Nilikuwa nacho kwenye kopo la vifungo, nimekificha miaka yote bila kukitumia, naona sistahili. Mama Rosa alikitazama, hakukigusa. Akainama kwenye mkoba wake akatoa soksi ya mtoto, na ndani ya soksi kijiwe, chekundu kidogo, kimelika upande mmoja kama cha Bibi kilivyolika. Cha bibi wa bibi yake. Tukaviweka mezani viwili. Mwanamke wa jangwani huko, na wangu wa milimani Upare, hawakuwahi kusikiana hata kwa jina la nchi, na dole gumba la kila mmoja lilikuwa limekaa pale pale! Nilicheka na machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Ndipo akaufinya udongo wa dukani tuliopewa, uliokuja kwenye mfuko wa plastiki, laini kama siagi, akakunja uso. Udongo huu, akasema, hauna mifupa. Haki ya Mungu, kwa maneno hayo hayo. Kwao nao wanasaga vigae vya zamani. Akauliza kama kuna mwenye chochote cha kusaga. Mimi nilikuwa naliona boksi la viatu juu ya kabati.

Boksi sikulitaja siku hiyo. Nilikwenda nalo kichwani wiki nzima, kazini, sokoni kwenye foleni ya ndizi. Kwa sababu vigae vilivyokaa ni vigae, viko, unaweza kuvishika. Ukishavisaga huwezi kuvirudisha. Na chungu nitakachokifinyanga ni mimi, yule yule wa kishindo, sijawahi maishani kutoa chungu kizima kwenye moto. Kikipasuka, nitakuwa nimemvunja Bibi mara ya tatu, na safari hii hakibaki kitu. Nilimwambia Mama Rosa hivyo hivyo. Hakunibembeleza. Alisema kwao wanasaga kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bibi hakai juu ya kabati.

Tulisaga mimi na Nuru, jikoni, kwa kinu cha viungo. Nikamweleza yote, na kile kipande nilichokuwa nakiruka. Nilipofika kwenye ule uso wa malaika alicheka mpaka akashika meza. "Na wewe ndiye unanihubiria maikrowevu?" Aliuliza kwa Kiingereza, lakini kicheko kilikuwa cha Bibi kitupu. Nilibakiza kigae kimoja tu, chenye kile kibonyeo.

Chungu nilikifinyanga kwa Jumamosi mbili. Mikono ilikumbuka kabla yangu. Nilikisugua kwa kijiwe cheusi, na chini ya mdomo nikabonyeza dole langu. Kikakauka kivulini wiki mbili, mpaka shavu langu likanyamaza. Nuru alifinyanga kikombe, kikaporomoka, akafinyanga kingine, akakivunja kwa hasira, cha tatu ndicho kilichosimama, na kilimalizika siku nne tu kabla ya siku ya kuchoma.

Tulichomea kwenye kishamba cha Baba Nuru. Kuwasha moto ruhusa tulipata, samadi kavu ya farasi tuliibeba kwenye basi kutoka zizi moja ng'ambo ya mto Lea, na abiria wenzetu walitupisha nafasi kwa heshima kubwa. Nilimwambia Baba Nuru sheria ya Bibi. Mwanamume wa watu akatolewa shambani kwake mwenyewe, akasimama nje ya geti na mwavuli, mvua haijaamua inyeshe au iache. Mama Rosa alipoelezwa alimpungia mkono akarudi kwenye kazi yake.

Vyungu vikapangwa juu ya vipande vya bati, changu kati. Mama Rosa angeondoka Jumatatu, moto ulikuwa huo mmoja. Nuru kasimama na kikombe chake mkononi, anakitazama, na mimi, jamani, mimi mwenye miaka hamsini na mbili, nikasikia mdomo wangu unasema, "Weka tu, mwanangu. Weka pale pembeni, pembeni moto si mkali."

Nuru alikiweka shavuni. Alifumba macho. Akanijibu kwa Kiswahili, mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha kuitikia tu, neno moja moja kama anatembea juu ya mawe ya mtoni.

"Bado, Mama. Hakijakauka."

Akakirudisha kwenye mkoba wake. Mama Rosa hakuelewa maneno, lakini lile shavu alilielewa, akamwita aje asimame upande wake. Mimi nilijifanya moshi umeniingia machoni, na moto wenyewe ulikuwa bado haujawashwa.

Moto ulishika vizuri. Katikati ya moto, paa! Nilikaa chini kwenye tope. Miaka tisa yangu yote ilinirudia, ungo, jiwe, vumbi. Huwezi kuufukua moto ukiwa mkali, lazima uuache uishe. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri vile. Majivu yalipopoa, Mama Rosa akaanza kuyaondoa kwa koleo, kidogo kidogo, na cha kwanza kutoka kilikuwa fito ya mwanzi imepasuka kama ua. Kumbe zilizolia ni fito za maharage za Baba Nuru, zilizochanganyika na kuni!

Kisha kikatoka chungu changu. Chekundu, na begani wingu jeusi ambalo moto umelichora kwa hiari yake. Chungu kizima hukijui kwa macho, lazima ukigonge: kizima kinaita, chenye ufa kinakohoa. Nilinyoosha kidole nikakirudisha. Sikuweza. Nuru akapiga magoti, akakunja kidole, akagonga.

Kikaita. Kikaita, jamani, sauti nyembamba ndefu, ikavuka mchicha, ikavuka geti! Nilipiga vigelegele ambavyo Walthamstow haijawahi kuvisikia, treni ilipita na sikuisikia, Mama Rosa anacheka kwa kelele, na kule nje Baba Nuru anapaza sauti, "Kimepona? Kimepona?" Kimepona, baba! Bibi Namsifu amerudi, na aliyemtoa motoni ni yule yule wa kishindo!

Jumapili nilikichemshia kwanza uji mwepesi kukizoeza, kisha nikapika makande, moto mdogo, toka asubuhi hadi alasiri. Mama Rosa alikula sahani mbili, akasema kwao nao mahindi na maharage yanajuana toka zamani. Aliponiaga alibonyeza dole lake juu ya kibonyeo cha chungu changu, kisha akaenda zake.

Enzi zile tulikuwa na korongo letu, na uani kulikuwa na wanawake saba wanaofinyanga kwa pamoja, na hakuna aliyelazimika kusoma tangazo maktaba ili akutane na bibi yake. Hayo yamekwenda, nayalilia, sidanganyi. Siku hizi korongo langu ni mfuko wa plastiki na samadi yangu inapanda basi. Lakini hotuba ya kusubiri nimeiacha. Dirishani jikoni kwangu kuna kikombe kinasubiri moto wa mwezi ujao, tutakaouwasha wenyewe, na kila asubuhi kabla ya shule Nuru anaweka chini ile chupa yake ya chuma, anakichukua kikombe kwa mikono miwili, anakilaza shavuni.

"Bado," ananiambia.

Nami namjibu, "Haya, mama. Tusubiri."